Mafuta ya Mbarika kwa Injini ya Boti

Mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza ufuo, sisi tuliokuwa tunaanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, tulisukumwa pamoja na wenye boti. Zamani sisi wanawake tulikuwa na mchanga wetu, mpana na msafi, na boti za mbao zilifungwa mbali kidogo, upande wao. Maji yalikula nyumba za mstari wa mbele, yakala na mchanga, tukabaki wote kwenye kipande kimoja chembamba: sisi na nyavu zetu za kuanikia, wao na kamba zao, injini zao na bido zao za esansi, yaani madumu ya petroli.

Siku moja mnunuzi wangu wa miaka mingi, mama aliyekuwa akipeleka ndagala Bukavu kwa lori, alichukua kiganja cha samaki wangu wakavu, akakisogeza puani, akakirudisha. Akachukua kingine kutoka upande wa pili wa wavu. Akakirudisha nacho.

"Mama, hii ndagala iko inanuka moteri," akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia kwamba nguo yako imechanika nyuma. "Nikifika nayo kule, nitamuuzia nani?"

Nilibisha. Nilisema ni harufu ya hewa tu, itatoka kwa jua. Alipoondoka niliinama nikanusa mwenyewe, nikaona alisema kweli. Asubuhi wimbi lilikuwa limefika hadi kwenye nyavu, na lilileta ule utando wa mafuta wa rangirangi ambao sote tulikuwa tumeuzoea. Maji hayohayo tulikuwa tukiyachota kupikia. Unaingia hadi magotini, unausukuma utando kando kwa kiganja, kisha unazamisha ndoo haraka kabla haujarudi. Hakuna aliyetufundisha kufanya hivyo. Watoto wetu pia walifanya hivyo.

Sasa ubaya wenyewe ni kwamba mume wangu alikuwa dereva wa boti. Aliendesha boti ya abiria na mizigo, kutoka Uvira kwenda vijiji vya kusini, na injini yake ilikuwa miongoni mwa zile zilizonichafulia ndagala. Jioni hiyo nilimwaga gunia zima mbele yake, uani.

"Nusa," nilimwambia. "Hii ndiyo kazi yenu."

Alinusa. Hakukasirika. Alikaa kwenye kigoda, akaokota dagaa mmoja, akamvunja katikati, akanusa tena.

"Si minye natupa mafuta mu maji," akasema. "Hii moteri iko inakunywa mafuta pamoja na esansi. Tunachanganya mu bido moja. Ikiisha kunywa, inatema chini, mu maji. Ndivyo waliitengeneza."

"Kila siku?"

"Kila dakika inazunguka."

Niliolewa naye nikiwa msichana mdogo, na nilikuwa nimeishi na harufu hiyo kwenye mashati yake miaka yote, lakini sikujua hilo. Nilidhani uchafu unatoka kwa watu wazembe wanaomwaga. Asubuhi yake, wakati anakunywa chai, aliniambia kwamba shuleni, kwenye shule ya ufundi aliyoiacha kabla ya kumaliza, mwalimu aliwahi kuwaambia kuwa injini za zamani zililainishwa kwa mafuta ya mimea. Mafuta hayo yakimwagika ardhini au majini, huoza kama jani.

"Mimea gani?" nikamuuliza.

"Hapo ndipo nilisahau," akasema, akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka sana siku zile.

Alianza na mawese kwa sababu mawese ndiyo yaliyokuwa karibu. Alikuwa na injini ndogo ya zamani, imelala nyuma ya nyumba bila kazi. Aliichujia mawese kwa kitambaa, akayachanganya na esansi, akavuta kamba. Injini ilikohoa, kisha ikakubali. Moshi ulionuka maandazi ukajaa uani, na watoto wa jirani wakaja mbio wakidhani ninakaanga. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mama mmoja alichungulia juu ya ua akauliza kama tuna sherehe.

Lakini asubuhi iliyofuata, kwa baridi kidogo tu ya alfajiri, mawese yalikuwa yameganda ndani ya chupa kama samli. Alipoifungua injini, alikuta masizi meusi yamejaa kila mahali. Aliyakwangua kwa kisu, taratibu. Akaifunga.

Mbarika tuliupata kwa mama yake, kijijini Makobola, kusini mwa Uvira. Tulikwenda kumsalimia, na mume wangu akamkuta anampaka mafuta mtoto mchanga wa jirani, mgongoni na kwenye utosi. Mafuta mazito, yenye rangi ya njano iliyofifia, yanayovutika kama asali. Mume wangu aliyashika kati ya vidole viwili, akayasugua.

"Mama, haya ni ya nini?"

"Ya kibonobono. Si hata weye nilikupaka?"

Mibarika, ambayo yeye huiita mibonobono, ilikuwa imejiotea kandokando ya shamba lake la mihogo, mirefu, yenye majani kama viganja vya mikono. Hakuna aliyeipanda na hakuna aliyeijali. Tulirudi Uvira na mfuko wa mbegu, zile mbegu zenye madoa kama kupe walioshiba. Mama mkwe alinionya kwamba mbegu zake ni sumu, na machicha nisiyaache kuku wakayafikia. Kwa hiyo nilichimba shimo nyuma ya choo, na kila baada ya kukamua niliyafukia.

Kazi ile ilikuwa yangu zaidi kuliko yake. Nilizikaanga mbegu kidogo juu ya moto mdogo, nikazitwanga kwenye kinu hadi zikawa uji, nikauchemsha uji na maji mengi, na mafuta yalipopanda juu niliyaengua kwa kijiko, kisha nikayarudisha motoni ili maji yote yaishe. Maji yakibaki hata kidogo, alisema mume wangu, injini inakufa. Nilisikiliza sufuria kwa sikio. Ilipoacha kupasuapasua, nilijua maji yamekwisha. Mikono yangu ikawa laini kama ya msichana. Nilichoka kwelikweli, lakini kwa mara ya kwanza tangu ndagala zangu zikataliwe, niliamka nikijua naamkia nini.

Mwenye boti, ambaye sote tulimwita patroni, hakukataa. Alikuwa mvuvi zamani, mtu mpole, naye nyumba yake ilimezwa na maji. Alikuwa amehamia kwa dada yake na familia yote. Tena mafuta ya dukani siku hizo hayakuaminika. Ungenunua chupa iliyofungwa vizuri, na ndani ukakuta mafuta yaliyokwisha kutumika, yaliyochujwa tu.

"Jaribu," akasema. "Lakini uisikilize hiyo moteri kama unavyosikiliza mtoto mugonjwa."

Ilifanya kazi. Siwezi kusema vinginevyo. Safari baada ya safari, injini ilikwenda na kurudi, na mume wangu alisema inazunguka kwa ulaini hata kuliko mwanzo. Jambo moja tu lilikuwa la kuangalia: mbarika hauipendi esansi. Ukiuchanganya na kuuacha utulie, mafuta yanashuka taratibu chini ya bido na esansi inabaki juu, peke yake. Kwa hiyo kabla ya kila safari aliitikisa bido kwa nguvu, na kabla ya kumimina aliitikisa tena. Likawa jambo la mazoea kama kufunga kamba za viatu.

Madereva wengine walikuja kutazama. Walinusa, wakasifu, wakatania kwamba boti yetu inanuka wodi ya wazazi. Hakuna aliyeyachukua mafuta yenyewe. Mmoja alisema angechukua kama angepata mtu wa kumkamulia. Mwingine alisema mke wake hawezi upumbavu huo. Nami kila asubuhi niliingia majini na ndoo, nikatazama. Utando ulikuwa palepale. Nilijidanganya siku kadhaa kwamba umepungua. Boti moja haikutema tena mafuta ya mashine, na boti zote nyingine ziliendelea. Upepo ukivuma ufuoni, mafuta yao yalikuja kwangu vilevile. Mnunuzi wangu wa Bukavu alikuwa ameshapata ndagala kwingine.

"Wataona," mume wangu alisema. "Watu wanapenda kuona kwanza."

Niliendelea kutwanga.

Kisha vita vikasogea. Watu wa vijiji vya Mutarule na Runingu walianza kuja kutoka bondeni kwa miguu, magodoro vichwani, mbuzi wakiburutwa. Tuliambiwa hakuna boti kuondoka. Boti zote zikafungwa, na bido za esansi iliyokwisha kuchanganywa na mafuta yangu zikakaa kwenye kivuli cha ukuta wa patroni, zimetulia. Esansi nyingine haikuwepo mjini. Barabara ilikuwa imekatika, na maduka yalikuwa yamefungwa milango.

Asubuhi moja mizinga ilisikika karibu, na hakuna aliyengoja ruhusa tena. Watu waliingia majini na nguo zao, wakapanda boti yoyote waliyoikuta. Patroni alimwambia mume wangu, "Peleka watu. Usichague." Nami nikapanda na watoto wetu, kwa sababu tulikuwa tunakwenda kwa mama mkwe.

Nilimwona mume wangu akiitikisa bido ya kwanza. Aliikumbatia kifuani, akaitikisa kwa mwili wote, huku watu wakimpigia kelele aharakishe. Akamimina, akavuta kamba, tukaondoka. Boti ilijaa kupita kiasi. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja wa Mutarule, mkulima wa mpunga, mwembamba, amekumbatia mfuko wa mbegu alizoziokoa. Mke wake alikuwa ametangulia kwa ndugu zao, mbele ya Makobola. Moshi ulipotuzunguka alinusa, akageuka kwangu.

"Binti yangu, hii harufu iko kama ya mutoto muchanga."

"Ni mafuta ya mbarika, muzee. Iko mu moteri."

"Mu moteri!" Alitabasamu, akatikisa kichwa. "Minye nilijua ni ya kupaka tu."

Tukazungumza kidogo. Alinieleza jinsi panya wa bondeni wanavyokula mpunga mwaka huu, na kwamba watoto wake wako mbali na hawapigi simu. Upepo wa kusini ulikuwa unatupiga usoni, na boti ilikuwa inapanda na kushuka.

Tangi lilipokaribia kuisha, milima ya Makobola ilikuwa tayari inaonekana vizuri. Bido ya pili ilikuwa imebanwa chini ya miguu ya watu na mizigo yao. Mume wangu aliniita, nikasaidiana na mama mmoja kuivuta hadi kwake. Ilikuwa imejaa, nzito, na hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama. Watoto walikuwa wamekaa hadi juu ya miguu yake. Aliiinamisha huku, akaiinamisha kule. Hakuweza zaidi. Mawimbi yalikuwa yanaingia. Akamimina.

Tulikwenda kitambo. Kisha sauti ya injini ikabadilika, ikawa nyembamba na kali, na nikaona uso wake kabla sijaelewa. Alinyoosha mkono aizime, lakini ilikuwa imeshajizima yenyewe, kwa mlio mmoja wa chuma. Alivuta kamba. Haikusogea. Alivuta tena kwa mikono miwili, na kamba ilikuwa kama imefungwa kwenye mwamba.

"Pisto imeshika mu silinda," akasema. Alisema kwa utulivu, akinitazama mimi.

Watu walipiga makasia kwa mbao, kwa mabeseni, kwa viganja. Upepo ulitusukuma ulivyotaka, ukatupeleka pwani, lakini mahali pa mawe. Boti ilipogusa mwamba wa kwanza, wote walisimama upande mmoja kwa pamoja, na ikalala ubavu. Maji yalitufika kifuani tu. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walisimulia kama tulizama katikati ya ziwa. Maji yalikuwa ya kifuani. Niliwashika watoto wangu kwa nguo, nikatembea hadi nchi kavu.

Yule mzee hakutoka. Alianguka kati ya boti na mwamba, na watu walikuwa wakipita juu yake bila kujua. Mume wangu ndiye aliyezama akamleta. Alimlaza juu ya kokoto, akamkandamiza kifua, akapuliza, akakandamiza tena, muda mrefu sana baada ya watu kumwambia aache. Mfuko wa mbegu ulikuwa bado umefungwa kwenye mkono wake kwa kamba.

Mke wa marehemu alipatikana siku iliyofuata. Mume wangu alitaka kumwambia mwenyewe. Nilikwenda naye. Mama huyo alikuwa ameketi chini kwenye ua wa ndugu zake, hajalia bado, au amemaliza kulia. Mume wangu alipiga goti mbele yake, akasema yeye ndiye aliyekuwa dereva, na mafuta aliyotumia yalikuwa ya kujitengenezea, na yalijitenga na esansi, ndiyo maana injini ikashika. Alieleza yote, hata habari ya kutikisa bido. Sidhani kama mama yule alielewa nusu yake.

"Ni sawa, papa," akamjibu. "Angebaki kule wangemuua. Amekuja kufia huku. Ni sawa tu."

Ningependa angemtukana. Mume wangu aliinuka taratibu, akashukuru, tukatembea hadi nyumbani kwa mama yake.

Patroni alifika baadaye, kwa miguu, mji ulipokuwa umeshatulia kwa namna yake. Walifungua injini pamoja, ufuoni. Pisto ilikuwa imechubuka na kung'ang'ania kwenye silinda kana kwamba imechomelewa. Ndani ya ile bido ya pili, iliyookolewa majini ikiwa imefungwa, mafuta yangu yalikuwa yamekaa chini, mazito, safi, karibu yote. Patroni aliyatazama.

"Hii moteri ilikuwa nzee," akasema. "Hata kwa mafuta ya dukani ingekufa."

"Isingekufa siku ile," mume wangu akamjibu.

Patroni hakuwahi kumlaumu, na hakuwahi kupata injini nyingine. Siku hizi boti yake iko juu ya mawe ufuoni, mbao zake zinang'olewa kidogokidogo na watu wanaotafuta kuni, naye haulizi. Madereva waliobaki, kwa kuwa mafuta mazuri hayafiki tena kutoka upande wowote, wanachanganya esansi na mafuta meusi yaliyomwagwa na malori. Moshi wao ni mzito hadi unakohoa ukiwa nchi kavu. Nilipomweleza mmoja wao kwamba tatizo la mbarika lilikuwa ni kutulia tu, kwamba huenda ingepatikana njia ya kuuchanganya na esansi usijitenge, aliniangalia kwa huruma.

"Mama, achana nayo," akasema. "Ile kitu iliua muntu."

Mtu alikuwa amekufa kweli. Hayo mengine, habari ya maji na samaki na miaka ya mbele, ni mambo ya kueleza kwa maneno mengi, na hakuna mtu hapa mwenye muda wa maneno mengi.

Hatukurudi Uvira. Tunalima mihogo ya mama mkwe, ambaye sasa haoni vizuri. Mume wangu anaamka mapema, anafanya kazi, anakula anachopewa. Watoto wakimsemesha anawajibu. Hajawahi kuwa mkali. Wakati mwingine namwona amesimama katikati ya tuta, jembe chini, anatazama mikono yake, na najua nikimwita atasema, "Niko napumzika." Kwa hiyo simwiti.

Wiki iliyopita alikuja mwanamume mmoja wa hapahapa Makobola, amefunga injini ya boti nyuma ya baiskeli kwa mpira wa tairi. Alikuwa ameambiwa kwamba hapa kuna fundi. Aliniuliza kwa heshima, na alionekana ni mtu aliyehangaika sana kufika. Mume wangu alikuwa ndani. Nilisikia mlango wa nyuma ukifunguka, kisha nyayo zake zikielekea shambani.

"Hayupo," nilisema.

Yule mwanamume alisema atangoja. Nilimpa kiti, nikampa maji. Alingoja hadi jua likavuka juu ya nyumba, akizungumza na mama mkwe habari za mvua. Mwishowe aliinuka, akakaza mipira, akasukuma baiskeli yake hadi barabarani, polepole, kwa sababu ya uzito. Mume wangu aliporudi aliuliza kama mihogo ya jana imeshamenywa. Nikamwambia bado. Akachukua kisu, akakaa chini, akaanza kumenya.